Kichujio cha wavu wa chuma cha pua kwenye kinu cha zeituni: tathmini baada ya misimu miwili

Kichujio ninachokitathmini hapa ni silinda ya chuma cha pua inayofungwa kwenye bomba la mafuta, baada ya sentrifuji (mashine inayozungusha mafuta kwa kasi ili kuyatenga na maji) na kabla ya tangi la kuhifadhia, na ndani yake hukaa kikapu kimoja kati ya vitatu vya wavu wa waya vilivyouzwa pamoja nayo: cha mikroni 200, cha mikroni 100 na cha mikroni 40, mikroni ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Kilinunuliwa na kinu kidogo cha zeituni katika vilima vya Toscana, nchini Italia, ambako hufanya kazi ya msimu kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba, majira ambayo kwetu Tanga watu huwa wanatazama mawingu ya vuli. Nimekitumia misimu miwili mfululizo, nimekifungua na kukisafisha kwa mikono yangu mara zisizohesabika, na ninazo sababu za kukisifu na sababu za kukilalamikia. Jina la kiwanda kilichokitengeneza silitaji, kwa kuwa vichujio vya namna hii vinatengenezwa na wengi, na tofauti zao ni ndogo kuliko matangazo yao yanavyodai.

Muuzaji alikuja kinuni na ahadi tatu. Alisema kwamba hatutanunua tena mabamba ya selulosi, yale makaratasi mazito ya sentimita 40 kwa 40 ambayo mafuta hupitishwa ndani yake na kisha hutupwa. Kwamba hatutapoteza tena mafuta yanayonywewa na mabamba hayo. Na kwamba polifenoli, ambazo ndizo huyapa mafuta mapya uchungu wake na ule muwasho wa kooni, zitabaki zote mahali pake. Ahadi ya pili ni ya kweli kuhusu wavu wenyewe. Ya tatu ni nusu kweli. Ya kwanza si kweli, na kwa kuwa ndiyo iliyomfanya mzee mwenye kinu atoe fedha, nitaanza nayo na nitakaa nayo muda mrefu kuliko nyingine.

Inafaa kwanza kueleza mafuta yanavyotoka. Zeituni huoshwa, husagwa pamoja na kokwa zake, rojo lake hukorogwa taratibu katika joto lisilofikia nyuzi 27 iwapo mwenye kinu anataka kuandika kwenye chupa kwamba ameyatoa bila kuyapasha moto, kisha dikanta, mashine ya kulala inayozunguka, hutenganisha mafuta na mashudu, na sentrifuji ya wima humalizia kuondoa maji. Humalizia kwa kiasi, nisisitize. Mafuta yanayotoka hapo ni ya kijani yenye ukungu, mazito machoni kama tui la kwanza, na ukungu huo ni mchanganyiko wa vitu viwili tofauti kabisa: chembe za nyama ya tunda, na vitone vya maji ya tunda visivyoonekana kimoja kimoja. Wateja wa hapa hupenda sana mafuta ya namna hiyo katika Novemba. Huchoma mkate, huusugua kitunguu saumu, huumwagia mafuta hayo mpaka yanachuruzika viganjani, nami sina neno la kuwapinga, kwa sababu mafuta ya wiki mbili yenye ukungu ni matamu kwelikweli. Shida ni mafuta yatakayokaa mpaka Juni. Chembe zile na maji yale hushuka chini ya tangi na kufanya tope ambalo wenyeji huliita morchia, tope hilo huchacha, na harufu yake hupanda katika mafuta yote yaliyo juu yake. Jopo la waonjaji likiigundua, mafuta hayawezi tena kuuzwa kwa daraja la juu, hata kama asidi yake iko chini kabisa ya kikomo cha daraja hilo, yaani asilimia 0.8.

Sasa, wavu wa chuma hufanya nini mbele ya mchanganyiko huo? Chembe huzizuia, zile zilizo kubwa kuliko matundu yake. Maji hauyazuii. Selulosi na pamba huyanywa maji kwa sababu ndiyo asili yake, kama kitambaa kinavyokunywa jasho, lakini chuma hakinywi kitu, na kitone cha maji si punje ngumu inayoweza kukwama: kikisukumwa na pampu hujibana, hupita katika tundu, na upande wa pili hurudi kuwa kitone kilekile. Kuhusu ukubwa pia hesabu haiko upande wa muuzaji. Unywele wa mtu huwa na unene wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo mikroni 40 huonekana kuwa ndogo mno, lakini sehemu kubwa ya chembe zinazofanya ukungu ina upana wa mikroni chache tu, na seli ya hamira, ambayo wanasayansi wameikuta ikiishi ndani ya mafuta mapya yasiyochujwa, huwa na mikroni 5 hivi. Seli kama hiyo mbele ya tundu la mikroni 40 ni paka mbele ya geti la shule.

Sikutaka kubishana kwa maneno, hivyo katika wiki ya kwanza ya Novemba ya msimu wa kwanza nilichukua mafuta ya tangi moja, mchanganyiko wa zeituni za aina ya Frantoio na Moraiolo, nikajaza mitungi mitatu ya kioo ya nusu lita. Wa kwanza ulikuwa na mafuta kama yalivyotoka kwenye sentrifuji, wa pili yaliyopitia kikapu cha mikroni 40, wa tatu yaliyopitia wavu na kisha mabamba ya selulosi. Niliifunga, nikaiweka kabatini gizani. Ilipokaribia Krismasi, mtungi wa kwanza ulikuwa na tope la kahawia chini, unene wa nusu ukucha. Mtungi wa tatu ulikuwa safi kiasi kwamba niliweza kusoma tarehe niliyoiandika upande wa pili wa kioo. Mtungi wa pili ndio ulionifundisha. Tope lake lilikuwa jembamba kuliko la kwanza, jambo ambalo linaonyesha kwamba wavu haukukaa bure, lakini nilipouinamisha mbele ya taa niliona vitone vya maji vikibingirika sakafuni mwa mtungi kama shanga zilizokatikiwa na uzi, vikiwa na utando wa kijivu juu yake. Mwishoni mwa Februari nilifungua yote mitatu. Wa tatu ulinukia majani mabichi na mlozi. Wa pili ulikuwa na ile harufu ya zeituni zilizolala guniani siku nne, hafifu bado, lakini mtu aliyeizoea haimponyoki, na wa kwanza sikuwa na haja ya kuuinua ili niunuse. Viwango vya Baraza la Kimataifa la Zeituni huruhusu mafuta ya daraja la juu yawe na unyevu na vitu viwezavyo kuvukizwa visivyozidi asilimia 0.2 na takataka zisizoyeyuka zisizozidi asilimia 0.1, wavu husaidia kuhusu kikomo cha pili, na kuhusu cha kwanza hauna msaada wowote.

Kwa sababu hiyo hukumu yangu ni kwamba kichujio hiki ni bawabu mzuri lakini si kadhi. Kikiwekwa mbele ya mabamba ya selulosi, na si badala yake, thamani yake huonekana siku ileile. Kabla hatujakuwa nacho, maganda laini ya zeituni na makundi ya nyama ya tunda yaliyoponyoka kwenye dikanta yalikuwa yakifika moja kwa moja kwenye mabamba na kuyaziba juujuu, wakati ndani yake bado yalikuwa na uwezo mkubwa wa kunywa maji. Tulikuwa tukibadilisha mabamba karibu kila tangi la lita 500. Tangu tulipoweka kikapu cha mikroni 100 mbele, mabamba yaleyale humaliza matangi mawili, na zeituni zikiwa zimevunwa kavu, bila mvua, hufika hata matatu. Mabamba hayo huondoka na mafuta ndani yake kila yanapotupwa, na mafuta ambayo kilo 100 za matunda hutoa kilo 10 hadi 15 tu si kitu cha kuachia jalalani. Hapo ndipo ahadi ya pili ya muuzaji inapotimia: wavu wenyewe haunywi mafuta, na yale yanayobaki ndani ya silinda hutolewa yote kwa kufungua koki ya chini.

Kuhusu polifenoli nitasema kwa ufupi. Ni kweli kwamba vitu hivyo hupenda maji kuliko mafuta, na kwamba selulosi inayoondoa maji huondoka na sehemu yake. Lakini maji hayohayo ndiyo makazi ya hamira na vimeng'enya vinavyoyaharibu mafuta baadaye, kwa hiyo anayeyaacha kwa ajili ya uchungu wa Novemba atayakuta yamemgharimu harufu ya Machi.

Jambo la namba linahitaji tahadhari ya pekee kwa mtu anayeagiza mtandaoni. Vikapu vyetu vimeandikwa mikroni, yaani upana wa tundu, lakini wauzaji wengi huuza wavu kwa idadi ya matundu katika inchi moja, na hesabu hizo mbili huenda kinyume: namba ya mikroni ikipanda tundu huwa kubwa, idadi ya matundu ikipanda tundu huwa dogo. Wavu wa matundu 100 kwa inchi una uwazi wa mikroni 149 hivi, wa matundu 200 una mikroni 75 hivi, na wa matundu 325 una mikroni 45 hivi. Mimi mwenyewe nilikaribia kuagiza kikapu cha akiba cha 200 nikidhani ni mikroni, na kama si mhasibu wa kinu kuniuliza kwa nini bei yake imezidi ile ya zamani, tungepokea wavu mwembamba zaidi ya mara mbili ya tuliouhitaji, unaoziba kabla mtu hajamaliza kahawa yake.

Lalamiko langu kubwa, nje ya zile ahadi, halihusu wavu bali kile kinachouzunguka. Kikapu hukaa juu ya ukingo ndani ya silinda, na kati yake na ukingo kuna oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba mwanya. Katika wiki ya pili ya msimu wa kwanza tulianza kuona vipande vya maganda upande wa pili, ndani ya mafuta yaliyokwisha kuchujwa, na geji ya presha ikawa haipandi hata baada ya saa nyingi za kazi. Sisi tulifurahi, tukadhani zeituni za siku hiyo ni safi. Kumbe oringi ilikuwa imevimba kwa mafuta na kujikunja upande mmoja, ikaacha mwanya ambao ningeweza kuingiza ukucha, na mafuta, kama maji ya mtaro, yalikuwa yamechagua njia rahisi na kuupita wavu pembeni. Geji isiyopanda, basi, si habari njema. Kikapu cha mikroni 100 kwenye mafuta ya kawaida huanza na presha ndogo na hupanda polepole kadiri kinavyojaa; kisipopanda, funga pampu ufungue. Oringi tuliyopewa mwanzoni ilikuwa ya mpira usiofaa kukaa ndani ya mafuta, na ile ya silikoni ya kiwango cha chakula tuliyonunua baadaye dukani mjini haijatusumbua mpaka leo. Kwa kifaa kilichouzwa mahususi kwa vinu vya zeituni, huo ni uzembe ambao siwezi kuusamehe.

Usafi ni sehemu nyingine ambayo matangazo huipitia mbio. Neno linalotumika ni kwamba chuma cha pua huoshwa na kutumika milele. Ukweli ni kwamba chuma hakinywi mafuta, lakini kila mahali ambapo waya mmoja hupita juu ya mwingine hubaki utando mwembamba wa mafuta, na ndani ya kikapu kimoja kuna makutano ya namna hiyo maelfu kwa maelfu. Utando huo, ukiwa umeenea na kuguswa na hewa pande zote, huharibika upesi kuliko mafuta ya tangini, na asubuhi mafuta ya kwanza kupita huusomba wote. Ndiyo maana kikapu lazima kioshwe kila usiku, hata kama saa ni nane na mikono haina nguvu. Utaratibu wangu ni huu: nakipindua na kupitisha maji ya moto kutoka nje kwenda ndani, ili uchafu utoke ulikoingilia, nakilaza katika maji ya moto yenye kostiki soda kidogo, nikiwa nimevaa glavu na miwani, nakisuuza mpaka maji yasiteleze tena vidoleni, kisha nakiinua mbele ya tochi. Mwanga ndio mkaguzi. Wavu safi huonekana kama chandarua kipya, na mahali palipoziba huonekana doa la kahawia lisilopitisha nuru, kwa kawaida pale chini karibu na mshono wa kuchomelea, ambapo brashi haifiki vizuri. Mwisho nakitundika kikauke kabisa, kwa kuwa unyevu kidogo tu utarudi ndani ya mafuta tuliyohangaika kuyakausha.

Makosa mawili ya kusafisha yameshatutia hasara. La kwanza ni mashine ya kuoshea kwa maji ya presha kubwa: waya wa kikapu cha mikroni 40 ni mwembamba kuliko unywele, na pua ya mashine ikisogezwa karibu huusukuma na kuufumua, kisha matundu mengine huwa makubwa na mengine hufungwa. La pili ni dawa yenye klorini. Kijana mmoja mgeni aliloweka kikapu ndani yake usiku kucha kwa nia njema kabisa, asubuhi tukakuta vidoto vyeusi vilivyochimbika kwenye waya. Klorini hutoboa hata chuma cha pua.

Juu ya chuma chenyewe sina malalamiko. Kikapu ni cha aina ya 316L, ambayo ina molibideni na hustahimili asidi na chumvi vizuri kuliko 304, ingawa 304 nayo ni ya kawaida kwenye vinu na mafuta hayaidhuru. Kinachotakiwa kuogopwa ni shaba na vitu vyenye shaba ndani yake, kama koki za shaba nyeupe na wavu wa rangi ya dhahabu unaouzwa kwa bei ya kuvutia, kwa sababu shaba huchochea mafuta kuharibika hata ikiwa kiasi kidogo mno. Kiwango cha biashara huruhusu miligramu 0.1 tu kwa kilo moja ya mafuta, na chuma cha kawaida miligramu 3. Mtu asidanganyike pia na kipimo cha sumaku. Chuma hiki kikiwa bamba hakishikwi na sumaku, lakini waya uliovutwa ukiwa baridi huweza kushikwa kidogo, hasa wa 304, na hiyo peke yake haimaanishi kwamba umeuziwa feki. Hati ya kiwanda inayotaja aina ya chuma ndiyo ya kudai.

Neno moja kuhusu baridi, kwa sababu lilinishangaza mimi niliyekulia pwani. Mwishoni mwa Novemba chumba chetu cha mafuta hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na mafuta katika hali hiyo huwa mazito, husukumika kwa shida, na kikapu cha mikroni 40 kilichokuwa kikipitisha tangi zima mchana hugoma jioni. Jibu si kuongeza presha. Tulianza kuchuja mara tu baada ya sentrifuji, mafuta yakiwa bado na joto la kinu, na tatizo likaisha.

Mpwa wangu anayekamua alizeti Singida aliona picha niliyomtumia, akaniandikia, "Mjomba, nami niagize hicho?" Nilimjibu hivi: mafuta ya alizeti ya mashine ya kukamua hayatoki na maji mengi kama ya zeituni, kwa hiyo ule udhaifu mkubwa nilioueleza haumhusu sana, lakini yanatoka na machicha laini mengi mno, na wavu mwembamba ndani ya silinda iliyofungwa utaziba mara moja. Anachohitaji ni chekecheke la wavu mpana chini ya mashine, mapipa ya kutuamishia, kisha kichujio cha vitambaa alicho nacho tayari. Fedha iliyobaki akarekebishe paa la ghala.

Kwa vinu vya zeituni vyenye ukubwa kama wetu, ningeshauri silinda yenye kikapu cha mikroni 100 peke yake, oringi mbili za silikoni za akiba, na mabamba ya selulosi yaendelee kukaa nyuma yake kama kawaida. Kikapu cha mikroni 200 tunakitumia siku za mwisho za msimu, zeituni zinapokuwa laini na rojo linapokuwa na maganda mengi. Cha mikroni 40, kile ambacho ndicho kilichopandisha bei, kimefungwa kwenye gazeti juu ya rafu, na hakuna aliyekiulizia tangu Novemba ya mwaka jana.